Vijiti Vitatu vya Kiberiti

Wafula,

Usidhani nimekuja kukulilia. Waliokulilia walitosha, na nusu yao walikuwa wameijia chai. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya, na katika mtaa mzima wa Shauri Moyo simwoni mwingine mwenye akili ya kulielewa. Karatasi ni hizi ninazofungia vinyago, kwa hiyo vumilia mikunjo yake. Wewe uliyekuwa ukichora nyaya zako kwenye mfuko wa sukari huna mdomo wa kunisema kuhusu karatasi.

Kwanza habari. Kibanda chetu bado kipo. Upande wako nimeufagia, na uchafu nilioutoa ungeniaibisha hata kuusimulia: redio zilizopasuliwa matumbo, spika zilizotoboka, mfuniko wa sufuria ambao wewe ulisisitiza ni antena. Upande wangu ni uleule. Vifaru na twiga wamejipanga wakimngoja mzungu. Nimechonga vifaru tangu niwe kijana na sijawahi kumwona kifaru hata mmoja, na wanaowanunua nao hawajui kama nimekosea, kwa hiyo tunaelewana vizuri.

Yule jamaa wa nyumba ya kona pia yupo, mzima wa afya. Alikuja kwenye matanga kabla hujasafirishwa kwenda kwenu. Alikaa kwenye benchi la mbele, akanywa chai, akafuta mdomo, kisha akanisogelea na kuninong'oneza, "Pole sana, manze. Lakini sasa ile antena yangu nani atamaliza? Na mechi ni Jumamosi." Ulipanda paa lake limelowa mvua, akala za tairi miguuni, waya mdomoni, ili mtu yule aone mpira bila chengachenga. Uliteleza ukaanguka, na hata hukuwa umemdai chochote. Na ile timu yake, kama ungependa kujua, ilifungwa.

Nakasirika nawe kwa hilo. Nakukasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye, maana yeye ni mjinga wa kuzaliwa, lakini wewe ulikuwa na kichwa. Mtu mwenye kichwa chako hapandi juu ya mabati yaliyolowa na akala. Siku nyingine naanza kuchonga, nawaza hilo, naiweka patasi chini na kukaa tu.

Sasa tuje kwa mama yako na lile kopo.

Tangu nyonga yake ivunjike hawezi kutembea hadi kanisani, na kanisa lenyewe ni pale ng'ambo ya barabara. Mtu mwenye miguu mizima hufika kabla wimbo mmoja haujaisha. Wazee wa kanisa walimwombea. Kisha wakaahidi kumtafutia kiti cha magurudumu, wakaunda kamati, na kamati ikakutana, ikafungua kwa sala, ikafunga kwa sala, na katikati sijui walifanya nini. Wewe hukuunda kamati. Ulichukua kopo la kakao, kipaza sauti cha simu iliyokufa, betri za tochi, transista mbili ulizozing'oa kwenye redio ya mtu aliyehama bila kuja kuichukua, na waya wa shaba uliouzungusha kwenye kalamu mara tano. Ukavipanga vyote ndani ya kopo, ukaliweka dirishani kanisani, waya wake ukining'inia nje kama utumbo wa kuku. Mama yako akiwa kitandani akafungua redio yake upande wa FM, pale ulipoweka tone la rangi nyekundu ya kucha, na mhubiri akaingia chumbani mwake akikohoa.

Siku hiyo mama yako aliimba nyimbo zote hadi majirani wakaja kuchungulia. Leseni hukuwa nayo, na nilipokuonya ulicheka. Ulisema huko juu kwenye FM bado ni shamba tupu, stesheni moja mbili halafu upepo, na serikali haiwezi kutuma gari zima kukamata mahubiri yanayoishia kwenye kona ya pili.

Nilikubali kwamba linafanya kazi. Kile ambacho sikukubali ni sura yake. Wafula, kazi yako ilikuwa mbaya kuitazama. Risasi ya kulehemu imedondoka kila mahali kama kamasi, nyaya zimepishana, gundi imevuja hadi nje. Nilikuambia mara ngapi kwamba kazi ya fundi hutazamwa? Nawe ulinijibu kila mara bila kuinua kichwa, "Musyoka, stima haina macho." Nilikuwa nakuona mvivu anayejitetea.

Kuna siku pia ulitaka kunifundisha habari ya ule waya wa shaba. Ulisema ukiibana mizunguko yake stesheni inashuka, ukiiachanisha inapanda, kama vile babu yako alivyokuwa akikaza na kulegeza nyuzi za litungu, kinubi chenu. Mimi nilikuwa namtia kifaru sikio. Nilikuitikia "mmh" kama mtu anavyomwitikia mlevi anayesimulia ndoto.

Ulipokufa, kopo halikufa nawe. Nikawa nalibadilishia betri kila Jumamosi, na kila Jumapili mama yako anasali. Basi yule mzee wa kanisa mwenye tai, yule ambaye hata akikusalimia ni kama anasoma matangazo, akanikuta pale dirishani. Akaangalia kopo, akaniangalia mimi, akasema, "Marehemu alikuwa na kipawa, lakini hiki kikopo kinaliaibisha dirisha la Bwana." Dirisha lenyewe lina kioo kimoja kizima. Kwingine ni katoni.

Nikaapa kumfunga mdomo. Nilikuwa na kipande cha mbao ya muhugu nilichokitunza nikingoja kazi ya kukistahili. Nikakifanya sanduku, Wafula, na sijawahi kutengeneza kitu kama kile. Pembe zimeshikana bila msumari hata mmoja. Mfuniko nimeuchonga majani ya mzabibu, kila jani na mishipa yake. Nikasugua, nikapaka vanishi, nikasugua tena. Nilifanya hivyo kwa ajili yako, ingawa nilijiambia ni kwa ajili ya kumkomoa mzee mwenye tai.

Halafu nikayatoa matumbo ya kopo ili niyahamishie ndani. Nikaona aibu kuyaweka machafu vile katika muhugu. Nikakwangua gundi. Nikanyoosha nyaya. Kati ya mizunguko ya waya wa shaba nikakuta vijiti vitatu vya kiberiti vimekwama, kimoja kimeungua nusu. Nikasema, tazama mchafu huyu, alikuwa akiwasha sigara juu ya kazi. Nikavitoa kwa koleo, nikavipuliza vikaanguka sakafuni. Mizunguko yenyewe ilikuwa imekaa ovyo, huku nafasi, huku hakuna. Nikaibana ikalala pamoja sawasawa kama shanga, nikaipaka vanishi ibaki hivyo.

Najua umeshashika kichwa huko uliko. Tulia. Mimi nilichelewa kuelewa kuliko wewe.

Jumapili ya kwanza nililibeba sanduku mwenyewe. Waumini walilizunguka. Mzee mwenye tai aliyapapasa majani ya mzabibu kwa kidole, moja baada ya jingine, na mimi nikashiba. Hawakuliweka hata dirishani, waliliweka juu ya meza ya mbele karibu na maua. Baada ya ibada nikavuka barabara kwenda kwa mama yako. Redio ilikuwa kando yake. Nikamuuliza kama alisikia.

"Nimesikia vizuri sana, mwanangu," akasema. "Leo alihubiri juu ya kondoo aliyepotea."

Nikatembea kurudi nyumbani kifua mbele. Wiki iliyofuata ilikuwa habari ya mpanzi na mbegu zake. Iliyofuata, wanawali kumi na taa zao. Kila nikipita, mama yako ananisimulia mahubiri, na mimi nasema kimoyomoyo, unaona, Wafula, hata sauti inapenda kukaa mahali pasafi.

Jumapili ya nne nilipita mbele ya kanisa nikakuta kufuli mlangoni. Jirani akaniambia wote wamekwenda kwenye mkutano wa injili uwanjani tangu asubuhi, na sanduku limefungiwa humo ndani. Nikavuka barabara. Mama yako alikuwa ameketi kitandani, kitambaa kichwani, Biblia mapajani, redio imewashwa. Ilikuwa ikisema shhhh, basi. Nikamsalimu, nikakaa kwenye kigoda. Akaniambia mhubiri leo alizungumza juu ya Yona.

"Kwa urefu, mama?"

"Wee, kwa urefu kweli. Hata nilichoka."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikamwambia kanisa limefungwa. Akaizima redio, akasema, "Ulitengeneza kitu kizuri, Musyoka. Watu wote wanakisifu. Sasa mimi ningekuambiaje? Na nilifikiri labda ni haya masikio yangu."

Jumapili nne, Wafula. Mama yako amefiwa na mwanawe, amevaa kitambaa cha kanisani, amekaa akisikiliza upepo, halafu ananitungia mahubiri ili mimi mchongaji wa vifaru nisione haya.

Ungedhani hapo ningejitazama. Wapi! Nyani haoni kundule. Nilianza na mzee mwenye tai: nikamwambia amelihamisha sanduku kutoka dirishani, ameizima antena kwa maua yake. Tukalirudisha dirishani. Upepo. Nikamwendea jamaa wa kona, kwamba antena yake mpya ndiyo inayokula mawimbi. Aliniangalia kama nimepagawa, na ilinikera sana kuona kwamba kwa mara moja katika maisha yake alikuwa sahihi.

Mwisho nikajidhalilisha nikamwita Injinia. Unamkumbuka, yule wa duka lenye kabati la kioo, anayevaa koti jeupe kutengeneza pasi. Alikuja na mita yake, akafungua sanduku, akalipigia mluzi. "Aisee, hii mbao ni moto," akasema. Kisha akaiangalia kazi yako kama mtu aliyekuta mende kwenye mchuzi. "Lakini hii ya ndani ni takataka, mzee. Kitu ya mtaani. Hapa lazima tuagize mashine orijino kutoka ng'ambo." Akagusa hapa na mita, akagusa pale, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Debe tupu haliachi kuvuma. Mtu huyo hajawahi kutengeneza kitu kikaongea. Anachojua ni kutoa kilichoungua na kuweka kingine, na hata hicho mara nyingine anaweka kinyume.

Nilimfukuza. Lakini nilipokuwa nikimfukuza kwa sababu amesifu mbao na kudharau cha ndani, kitu kikanichoma. Nilikuwa nimemsikia mtu mwingine akisema vivyo hivyo kwa miaka mingi, na sauti ilikuwa yangu.

Nikalipeleka sanduku kwa mama yako, nikalifungua mapajani mwake ili aone kwamba nimeshindwa. Alivaa miwani, akainamia ndani, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Na vile vijiti vyake umeviweka wapi?"

"Vijiti gani, mama?"

"Vile vya kiberiti. Alikuja akaniomba vitatu, hapa hapa. Anaingiza kimoja, ananiambia zungusha redio. Anakitoa, anaingiza kingine. Tulihangaika hivyo siku nzima, mpaka mhubiri akakaa pale kwenye alama nyekundu. Akaniambia, mama, hivi visiguswe."

Kikulacho ki nguoni mwako. Wala sikuhitaji mtu wa kunieleza zaidi. Yale maneno yako ya litungu, niliyoyaitikia "mmh," yalirudi yote pamoja. Nilikuwa nimeibana mizunguko, na stesheni ya mama yako ikashuka mpaka ikatoka nje ya redio. Ule uchafu wako ulikuwa kipimo. Mimi mwenye macho ndiye niliyekifagia, na kwa kujipongeza nikapaka vanishi juu.

Mama yako akanyoosha mkono chini ya mto, akatoa kiberiti, akanihesabia vijiti vitatu kiganjani. Afadhali angenitukana.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kanisani peke yangu. Nilikuwa nimeikwangua vanishi kwa ncha ya patasi nyembamba kuliko zote nilizo nazo, nikiwa nimeshika pumzi. Nikaachanisha mizunguko, nikaingiza vijiti. Nikayarudisha matumbo ndani ya kopo lako la kakao, ambalo nilikuwa nimelifanya la kuwekea misumari. Nikaliweka dirishani, utumbo wa kuku ukaning'inia nje. Kisha nikasema mbele ya kopo, "Moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu," nikavuka barabara mbio.

"Umesikia nini, mama?"

"Umesema moja, mbili, tatu."

Nilitaka kufurahi, halafu nikamtazama usoni. Uso uleule wa Yona. Kila mpumbavu anayejaribu kipaza sauti husema moja, mbili, tatu. Mama yako hakuhitaji redio kujua hilo. Nikarudi. Nikasogeza kijiti kimoja kidogo tu, nikasema majina ya miezi. Nikavuka. "Miezi," akasema, lakini nadhani jirani alinisikia kupitia dirishani akamtonya, maana wanampenda. Nikagundua kwamba kwa wema wa mama yako sitapata ukweli kamwe, labda niseme kitu ambacho hakuna mtu mtaani angedhani kwamba mimi, Musyoka, ninaweza kukisema.

Nikarudi mara ya tatu. Nikausukuma mzunguko wa mwisho kwa ukucha, kiasi cha unene wa uzi. Nikafunga mlango wa kanisa ili mzee mwenye tai asinisikie akifika. Nikainama kwenye kopo. Nikajidharau, mtu mzima akiogopa kopo la kakao.

Nikasema, "Mama, huyu ni Musyoka. Vijiti nilivitupa mimi. Si maua, si antena ya mtu, ni mimi." Kisha nikasema neno ambalo tulikaa kibanda kimoja miaka yote ile na sikukuambia hata siku moja. "Wafula alikuwa fundi kunishinda."

Nilivuka barabara polepole safari hiyo. Sikuwa na haraka ya kufika. Mama yako alikuwa ameikumbatia redio kifuani kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka hadi kwenye kitambaa. Nilisimama mlangoni. Akanitazama, akajifuta kwa kiganja, na nikaona kwenye ule uso kitu nilichokuwa nakiona kwako ukitaka kunichokoza.

"Hapo mwisho ilikwaruza kidogo," akasema. "Hebu rudia."

Nikarudia, Wafula. Nikiwa nimesimama mlangoni, mchana kweupe, majirani wanasikia. Wafula alikuwa fundi kunishinda. Akanifanya nirudie tena mara nyingine, na safari hiyo hakukuwa na redio yoyote ya kusingizia.

Basi nimeona nikuandikie na wewe pia, ili isionekane kwamba nimemwambia mama yako tu. Ungekuwa hai ungenicheka hadi uanguke kwenye kiti, na mimi ningekutukana, na tungeendelea na kazi. Hicho ndicho ninachokikosa, zaidi ya kitu kingine chochote. Kibanda kimekuwa kisafi mno, na hakuna mtu humo wa kumdharau.

Sanduku la muhugu nimempa mama yako awekee dawa zake. Analisifu kila akilifungua, na sasa naweza kumwamini. Mzee mwenye tai ameuliza kwa nini kile kikopo kimerudi dirishani, nikamwambia aulize kamati.

Kwaheri, ndugu yangu. Lala huko kwenu, na kama kuna paa huko, usilipande. Ninakuahidi kwamba kila Jumamosi nitabadilisha betri, na sitanyoosha waya, sitakwangua gundi, sitagusa kijiti. Jumapili nitasimama nje ya dirisha mpaka nione pazia la mama yako limevutwa, ishara kwamba anasikia. Usianze kusema nimeokoka. Ninalinda kopo.

Ni mimi,
Musyoka, fundi wa pili wa kibanda chetu.